Kutafiti Muziki kwa Marejeo Sahihi: Kutoka Swali hadi Santuri

Mwanafunzi anayeanza tasnifu ya muziki mara nyingi huandika mada yake kwenye Google, akafungua kurasa tano za mwanzo, na jioni akawa na maelezo mengi yanayofanana. Yanafanana kwa sababu kurasa hizo zimenakiliana. Ni hasara, maana muziki ni miongoni mwa taaluma zilizobahatika kuwa na vitabu vya marejeo vilivyopangwa kwa uangalifu tangu karne ya 19. Vipo vya kukupa historia, vipo vya ala, vipo vinavyoorodhesha makala zilizochapishwa, na vipo vya kukuonyesha nota iliyoandikwa kwa mkono imelala maktaba gani.

Kasoro yake ni kwamba vingi vilitungwa Ulaya na Marekani, na muziki wa Ulaya ndio uliopewa viti vya mbele. Anayetafiti taarab, ngoma au dansi lazima ajue kila kitabu kinamfikisha wapi na kinamwacha njia panda gani. Nitatumia mfano mmoja, gambusi, ala ya nyuzi ya mwambao, na nitautoka pale tu mfano huo utakaposhindwa kuonyesha jambo.

Hatua ya 1: Andika swali, kisha uligawe

"Gambusi katika taarab" ni mada, bado haijawa swali. Swali ni kama hili: gambusi iliachia udi, ala nyingine ya nyuzi, nafasi yake lini, na kwa nini? Ukilitazama vizuri, swali hilo lina vipande vya aina mbalimbali. Kuna ala yenyewe, namna inavyochongwa, ngozi yake, nyuzi zake na ndugu zake wa ng'ambo. Kuna wapigaji na vikundi. Kuna waandishi waliokwisha kuligusa suala hili kabla yako. Kuna rekodi za sauti zinazoweza kuthibitisha au kukanusha unachodhani.

Kwenye karatasi, andika kila kipande peke yake na mbele yake aina ya marejeo: kwa ala, kamusi ya ala; kwa mtu, kamusi ya wasifu au ensaiklopedia; kwa walioandika, bibliografia na kanzidata za ikisiri (muhtasari wa makala); kwa sauti, katalogi ya nyaraka za sauti; kwa nota, katalogi ya nota. Wanaoiruka kazi hii ndio utakaowakuta wiki nzima wakitafuta rekodi ndani ya ensaiklopedia.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya majina na tahajia

Hapa usiwe na haraka. Mtafiti wa muziki wa Afrika Mashariki akitoka mikono mitupu, mara nyingi si kwamba habari haipo. Imehifadhiwa kwa jina ambalo hakulijaribu.

Chukua gambusi. Yemen inaitwa qanbus. Visiwa vya Komoro ni gabusi, Madagaska ni kabosy, Malaysia na Indonesia ni gambus, na Lamu na Mombasa utasikia kibangala. Kwenye maandishi ya zamani ya mwambao inaweza kuitwa kinanda tu, kwa hiyo ukikutana na neno hilo katika utenzi au barua ya kale usidhani moja kwa moja kwamba ni kinanda cha kanisani. Taarab nayo huandikwa taarabu, tarab na taarab, na kompyuta huyahesabu kuwa maneno matatu tofauti.

Majina ya watu na nchi yana mtego wake. Kiswahili husema Wanyamwezi, Wagogo na Wazaramo, lakini katalogi nyingi za Kiingereza hukata kiambishi na kuandika Nyamwezi, Gogo, Zaramo. Wajerumani wa zamani hukirudisha: makala ya mtafiti wa muziki Erich von Hornbostel ya mwaka 1909 katika jarida la Anthropos inaitwa Wanyamwezi-Gesänge. Waswahili kwao ni Suaheli. Rekodi iliyofanywa Tabora mwaka 1905 haiwezi kuwa chini ya Tanzania. Itafute chini ya Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ya mwaka 1950 itafute chini ya Tanganyika, na ya Unguja chini ya Zanzibar, kando na Tanganyika.

Andika yote haya kwenye safu moja ya daftari au lahajedwali, na kila kanzidata utakayoifungua ipitishe safu nzima kabla ya kusema "hakuna kitu".

Hatua ya 3: Fungua ensaiklopedia, lakini uisome kuanzia chini

Katika ensaiklopedia za muziki, majina matatu yanatosha kuanzia.

La kwanza ni Grove. George Grove alikuwa mhandisi aliyesimamia ujenzi wa minara ya taa za meli huko Jamaika na Bermuda kabla hajawa mtu wa muziki, na kamusi yake ilitoka kwa vipande kati ya 1879 na 1889. Imeendelea kufumuliwa na kuandikwa upya. Toleo la 1980, lililohaririwa na Stanley Sadie na kuitwa The New Grove, lilikuwa na juzuu 20. La 2001 lina juzuu 29, na leo kazi hiyo inaendelea mtandaoni kwa jina la Grove Music Online. Makala zake zina saini ya mwandishi, na hilo ni jambo kubwa: unajua ni nani anayesema nawe, na unaweza kumtafuta katika maandishi yake mengine.

La pili ni MGG, yaani Die Musik in Geschichte und Gegenwart, ya Kijerumani. Toleo la kwanza lilianza kutoka 1949 chini ya Friedrich Blume. La pili, la Ludwig Finscher, lilitoka kati ya 1994 na 2008, nalo lina juzuu 29. Toleo hilo limegawanywa pande mbili, upande wa mambo na upande wa watu, kwa hiyo ukimtafuta mtunzi katika juzuu za mambo utahangaika bure. Kama hujui Kijerumani, usiikimbie. Orodha ya vitabu mwishoni mwa makala haihitaji lugha, na programu za kutafsiri sasa zinakupa maana ya kutosha kuamua kama makala inakufaa.

La tatu ni Garland Encyclopedia of World Music, juzuu 10, zilizotoka kuanzia 1998. Hii haikupangwa kwa alfabeti. Imepangwa kwa maeneo ya dunia, na juzuu ya kwanza kabisa ni ya Afrika, mhariri wake Ruth Stone. Kwa mtafiti wa kwetu mimi ningeshauri aanze na hii kabla ya Grove. Sura zake ni ndefu, zinaeleza muziki ndani ya maisha ya watu, na juzuu zilitoka na CD. Tahadhari ni umri wake. Tangu 1998 bongo fleva imekua na ina wajukuu, na juzuu hiyo haikuweza kuyajua hayo.

Sasa namna ya kusoma. Makala ya ensaiklopedia isome kwanza mwishoni, kwenye bibliografia. Katika Grove bibliografia hufuata mwaka wa kuchapishwa, kwa hiyo jicho moja tu linakuonyesha mazungumzo yalianza lini, yalishamiri lini na yalikatika lini. Kama kitabu cha mwisho ni cha 1985, basi makala hiyo haikufanyiwa marekebisho ya maana, hata kama ukurasa wa mtandaoni una tarehe ya juzi. Kisha tazama saini. Halafu ndipo usome matini, ukiweka alama kwenye kila dai utakalotaka kulithibitisha kwingine.

Na uyathibitishe kweli. Toleo la 1980 la New Grove lilikuwa na mtunzi wa Denmark aitwaye Dag Henrik Esrum-Hellerup, mwenye tarehe za kuzaliwa na kufa na kazi zake. Hakuwahi kuishi. Mmoja wa waandishi, Robert Layton, alimbuni kwa mzaha, jina lake la ukoo akaliunga kutoka majina ya mahali huko Denmark. Alipitishwa na wahariri na kuchapwa kabla ya kugunduliwa na kuondolewa. Ikiwa mtu asiyewahi kuishi anaweza kupenya humo, tarehe moja iliyokosewa ya kikundi cha Unguja itashindwaje?

Kuna pia vitabu vidogo vya mezani. Harvard Dictionary of Music, iliyoanzishwa na Willi Apel mwaka 1944, ni ya istilahi na haina wasifu wa watu. Kamusi ya wasifu iliyoanzishwa na Theodore Baker mwaka 1900 ndiyo ya watu. Hizi ni za kuulizia neno au tarehe ukiwa unaandika, usizijengee hoja.

Hatua ya 4: Ipe ala namba yake

Mwaka 1914 Hornbostel na Curt Sachs walichapisha mpangilio wa ala zote za muziki duniani kwa kuangalia kitu gani hasa kinatoa sauti. Kundi la 1 ni ala ambazo mwili wake wenyewe ndio unaolia, kama marimba. La 2 ni zenye ngozi au utando, yaani ngoma. La 3 ni za nyuzi. La 4 ni za hewa. Za umeme ziliongezwa baadaye kama kundi la 5. Makumbusho mengi ya dunia hupanga ala zao hivyo, na mwaka 2011 mradi wa makumbusho uitwao MIMO ulitoa toleo lililorekebishwa.

Faida yake kwako ni kwamba namba haina lugha. Udi na gambusi, ala zenye shingo na tumbo la mviringo, zinaangukia 321.321, ukipiga kwa kipande cha unyoya au plastiki, unaongeza -6 mwishoni, na kwa vidole vitupu -5. Kanuni ya taarab, yenye nyuzi zilizolazwa juu ya sanduku, ni 314.122. Ilimba ya Wagogo, yenye vichane vya chuma juu ya sanduku la kuvumisha sauti, ni 122.12. Ukiwa na namba, unaweza kuingia katika katalogi ya makumbusho ya Berlin au Brussels na kukuta ala ya Bagamoyo iliyoandikwa jina lisilotambulika, maana mkusanyaji wa 1900 aliandika alichosikia.

Kwa maelezo ya ala moja moja, tumia kamusi ya Grove ya ala, The New Grove Dictionary of Musical Instruments. Ilitoka mara ya kwanza 1984 kwa juzuu 3, na toleo la pili la 2014 lina juzuu 5. Kwa Uganda usiache kitabu cha Margaret Trowell na Klaus Wachsmann cha 1953, Tribal Crafts of Uganda. Jina lake linanuka ukoloni, lakini sehemu ya Wachsmann kuhusu ala ina vipimo na michoro ya ala ambazo baadhi hazichongwi tena.

Hatua ya 5: Jua ni nani amekwisha kuandika

Kanzidata ya kuanzia ni RILM. Ilianzishwa 1966 na Barry Brook, makao yake yako New York, na kazi yake ni kuorodhesha maandishi ya kitaaluma kuhusu muziki katika lugha nyingi na kuyawekea ikisiri. Inahitaji chuo chako kiwe kimelipia. Ukiingia, usitafute neno moja tu. Unganisha safu yako ya tahajia kwa OR, kisha funga na jina la mahali kwa AND, kwa mfano taarab OR tarab OR taarabu, AND Zanzibar. Baada ya kupata makala mbili nzuri, angalia maneno ya mada ambayo wanakatalogi wamezipa makala hizo na utafute tena kwa maneno hayo. Mzunguko huo wa pili ndio unaotoa vitu ambavyo usingevikisia.

Kama chuo hakijalipia RILM, hujafungiwa mlango. Jarida la African Music, linalotolewa Afrika Kusini tangu 1954, linasomeka mtandaoni bila malipo, na humo kuna mengi ya Tanganyika, Kenya na Uganda kutoka miaka ambayo wengine hawakuwa wakiandika. JSTOR, hifadhi ya majarida ya mtandaoni, hukuruhusu kufungua akaunti binafsi na kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi bure, ukisoma kwenye skrini bila kupakua. Ina majarida ya Ethnomusicology na Yearbook for Traditional Music. Tasnifu za vyuo vyetu nazo zimepakiwa kwenye hazina za mtandaoni za vyuo, na hazina hizo wageni huzisahau mara nyingi. Tasnifu ya uzamili iliyoandikwa Nairobi au Dar es Salaam inaweza kuwa na mahojiano ambayo hayapo popote pengine.

Kwa gambusi na taarab, vitabu vitakavyojitokeza tena na tena ni vichache, na inafaa uvijue kwa majina: Performing the Nation cha Kelly Askew (2002), Pastimes and Politics cha Laura Fair (2001), ambacho kina sura nzito kuhusu Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, na kitabu cha Janet Topp Fargion cha 2014 juu ya taarab ya Zanzibar katika karne ya 20. Kwa beni na ngoma za mashindano, Terence Ranger, 1975. Kwa biashara ya muziki Dar es Salaam, Alex Perullo, 2011. Wote hawa wameandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, Shaaban Robert ametuachia Wasifu wa Siti binti Saad, na kitabu hicho kisome kama chanzo cha kwanza, ukijua kwamba mwandishi alikuwa mshairi anayemsifu msanii mwenzake.

Kuna pia RIPM, iliyoanzishwa 1980, inayofungua majarida ya muziki ya kale, hasa ya Ulaya na Marekani. Kwa swali letu haina msaada mkubwa. Kwa anayetafiti muziki wa Beethoven ulivyopokewa na wahakiki wa wakati wake, ni dhahabu.

Hatua ya 6: Nota na katalogi za kazi

Hapa gambusi inatutupa mkono, kwa sababu wapigaji wake hawakuandika nota. Lakini wanakwaya wanaosoma mwongozo huu wataihitaji hatua hii, basi tuchukue kazi inayoimbwa kila Krismasi na Pasaka kuanzia Moshi hadi Kisumu, Haleluya ya Handel.

Haleluya ni sehemu ya Messiah, na Messiah ina namba HWV 56, kutoka katalogi ya kazi za Handel iliyoandaliwa na Bernd Baselt. Watunzi wakubwa wa Ulaya wana katalogi kama hizo: Mozart ana K, ya Köchel, iliyotoka kwanza 1862, Bach ana BWV, ya Wolfgang Schmieder, 1950, Schubert ana D, ya Otto Erich Deutsch, Vivaldi ana RV, ya Peter Ryom. Namba za Köchel ziliwekwa kwa kufuata mfuatano wa miaka, ndiyo maana Requiem, kazi aliyoiacha Mozart akifa, ni K. 626. Za Bach zimepangwa kwa aina, kwa hiyo BWV ndogo haimaanishi kazi ya ujana. Wengi hukosea hapo.

Unapotaka kujua hati ya mkono au chapa ya kale ya kazi fulani iko wapi, nenda RISM. Mradi huo ulianza 1952 na katalogi yake ya mtandaoni, yenye rekodi zaidi ya milioni moja, ni ya bure. Jambo la kupendeza ni kwamba unaweza kuandika nota chache za mwanzo wa wimbo na ikakutafutia kazi inayoanza hivyo. Maktaba zimepewa vifupisho: GB-Lbl ni British Library, D-B ni maktaba ya taifa ya Berlin, US-Wc ni Library of Congress ya Washington. Vifupisho hivi utavikuta pia katika Grove, basi vijue mapema.

Nota za kuchapa na kuimba zipo IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni, bure. Angalia tu ni toleo la nani. Nyingi ni za karne ya 19, ambapo mhariri aliongeza alama za nguvu na kasi alizozipenda mwenyewe na akanyamaza. Kwa Mozart hakuna sababu ya kuhangaika, kwa kuwa toleo lake la kitaaluma, Neue Mozart-Ausgabe, limewekwa mtandaoni bila malipo.

Hatua ya 7: Tafuta sauti yenyewe

Kwa muziki wa Afrika Mashariki hatua hii ndiyo yenye mavuno, na ndiyo inayofundishwa kidogo zaidi darasani. Kitabu kinaweza kusema gambusi ilipigwa hivi au vile. Rekodi inakuachia usikie.

Anzia ILAM, maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes huko Makhanda, Afrika Kusini. Tracey alizunguka na gari lake la kurekodia Tanganyika na Kenya mwaka 1950, na akarudi Afrika Mashariki 1952. Mfululizo wake wa Sound of Africa una santuri 210, na katalogi yake iliyochapishwa 1973 inataja mahali, kabila, ala, mara nyingi na jina la mwimbaji. Soma maelezo yake kwa makini, lakini kumbuka aliyeyaandika alikuwa mpita njia aliyepitia kwa mkalimani. Mfano mashuhuri ni wimbo wa wasichana wa Kipsigis uitwao Chemirocha, uliorekodiwa 1950: jina hilo ni la mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers, aliyesikika kwenye santuri na kugeuzwa kiumbe wa ajabu nusu mtu nusu mnyama. Kadi ya katalogi inakupa tafsiri ya siku ile. Wazee wa mahali hapo wanaweza kukupa nyingine.

Ya zamani zaidi iko Berlin. Phonogramm-Archiv, hifadhi ya rekodi za sauti, ilianzishwa 1900 na Carl Stumpf, na maofisa, madaktari na wamisionari wa Kijerumani walipeleka huko mitungi ya nta, yaani rekodi za kale zenye umbo la bomba, waliyorekodia makoloni, Afrika Mashariki ikiwemo. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza mkusanyiko huo kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia. Katalogi ya mitungi hiyo, ya Susanne Ziegler, ilitoka 2006, na imepangwa kwa jina la mkusanyaji, kwa hiyo lazima ujue kwanza ni ofisa gani alipita mji wako. London, British Library ina rekodi nyingi za Afrika, zikiwemo za Wachsmann za Uganda; huduma zake za mtandaoni ziliangushwa na shambulio la kimtandao Oktoba 2023 na zimerudi polepole, kwa hiyo ukikosa kitu leo uliza kabla ya kukata tamaa. Nakala za Wachsmann zipo Makerere pia, karibu zaidi na kwa nauli ya basi.

Kisha kuna santuri za biashara. Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, na santuri hizo ziliuzwa mwambao wote. Kwa santuri za aina hii, namba mbili ni muhimu. Namba ya katalogi imechapwa kwenye lebo. Namba ya matriksi imechorwa kwenye santuri yenyewe, karibu na lebo, na hiyo ndiyo inayokuambia kipande kilirekodiwa kikao kipi, kwa sababu rekodi moja ingeweza kutolewa tena na tena kwa namba tofauti za katalogi. Ukiikuta santuri ya bibi yako au ya muuza vitu vya kale Darajani, igeuze chini ya mwanga uliolala na uziandike zote mbili, pande zote mbili, pamoja na kila neno lililo kwenye lebo kama lilivyoandikwa, makosa yakiwemo. Kumbukumbu za kampuni ya HMV zinahifadhiwa na taasisi ya EMI Archive Trust, iliyoko Hayes, Uingereza. Kwa lebo za nyumbani kama Mzuri ya Mombasa, tovuti ya Discogs, inayoorodhesha santuri, inasaidia kwa sababu wakusanyaji hupiga picha lebo. Picha iamini, maelezo yaliyoandikwa chini yake yahakiki.

Usisahau redio. Bendi nyingi za dansi na vikundi vya taarab vilirekodiwa studioni Radio Tanzania Dar es Salaam, na tepu hizo ni urithi wa TBC, shirika la utangazaji la taifa, leo. Nenda na barua ya chuo, taja bendi na miaka unayoitaka, na uwe na subira. Ukisema "nataka nyimbo za zamani" utarudishwa, na kwa haki.

Hatua ya 8: Maandishi ya Kiswahili ambayo kamusi za muziki haziyajui

Grove na MGG zinaona muziki. Hazioni kwamba kwetu wimbo ni shairi kwanza. Kwa hiyo lazima uvuke uende kwenye marejeo ya fasihi. Chuo cha SOAS cha London kina mkusanyiko mkubwa wa hati za Kiswahili, nyingi kwa herufi za Kiarabu. Dar es Salaam, maktaba ya chuo kikuu ina hati na tepu zilizokusanywa na J.W.T. Allen, katalogi yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970, na tepu zilizoorodheshwa humo ni sauti za watu wakighani tenzi. Ni nadra kukuta mtafiti wa muziki amezigusa. Kwa Unguja, Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani zina faili za serikali ya kikoloni, na ruhusa za ngoma, malalamiko ya makelele na usajili wa vyama vilipitia ofisi hizo. Kikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, kiliishi chini ya ofisi hizo kwa miongo kadhaa.

Magazeti ya Kiswahili nayo hayana faharasa ya muziki. Mambo Leo, lililoanza 1923, lazima ulipekue ukurasa kwa ukurasa. Njia ya kupunguza mateso ni kuanza na tarehe unayoijua, kama sherehe ya kifalme au ziara ya gavana, kisha kusoma miezi miwili kabla na miwili baada.

Hatua ya 9: Weka daftari la upekuzi na uandike barua nzuri

Kila unapotafuta, andika tarehe, kanzidata, maneno uliyotumia na idadi ya majibu, hata kama ni sifuri. Msimamizi wako atakapouliza "umetazama RILM?", utamwonyesha. Kila rekodi ya sauti iandikie namba yake ya nyaraka, mahali, mwaka, mrekodi na mwimbaji. Kama katalogi haimtaji mwimbaji, andika "hakutajwa" wala usiandike "wa jadi", maana aliyeimba alikuwa mtu mwenye jina.

Ukiwa maktabani, rafu za muziki katika mpangilio wa Library of Congress huanza na M: M yenyewe ni nota, ML ni maandishi juu ya muziki, MT ni mafunzo. Kamusi na ensaiklopedia ziko karibu na ML100, na wasifu wa watunzi uko ML410. Katika mpangilio wa Dewey, yote yako 780 hadi 789.

Mwisho, mtakapofika mahali ambapo kitu kipo lakini hamkipati, mwandikieni mhifadhi. Barua isizidi aya mbili. Taja swali lako kwa sentensi moja, taja namba kamili ya kitu unachokitaka na katalogi uliyoiona, sema umekwisha kutafuta wapi, uliza kama kuna nakala ya kidijitali na masharti ya kuitumia katika tasnifu. Kama unaandikia Berlin au Makhanda, weka tahajia zote za jina la ala au wimbo, na ongeza tafsiri sahihi ya maneno kama unaijua. Wahifadhi wengi hawajui Kiswahili, na kadi ambayo imesema "wimbo, lugha haijulikani" kwa miaka mia moja inaweza kusahihishwa na barua hiyo.